Makopo ya Shemeji

Kazi yake ilikuwa uashi, na watu walimwita Timazi, jina la kile kipande cha chuma chenye uzi ambacho fundi hukining'iniza kando ya ukuta kuona kama umesimama wima. Jina alipewa na baba yake, fundi naye, siku alipomkuta binti yake wa miaka kumi na mitano amebomoa safu nne za matofali zilizojengwa na mtu mzima, kwa sababu tu zilikuwa zimelala upande kwa unene wa kucha. Baba alipofariki, Timazi alichukua mwiko wake na wateja wake. Alipofika miaka thelathini na sita alikuwa akiishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mume hakuwa naye, wala hakuonekana kumtafuta. Alipandisha matofali ya inchi sita ngazini, moja kila mkono, huku akipiga mluzi, na mafundi wa kiume waliokuwa wakimcheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili walikuwa wakimwomba kazi.

Mtu akimkosea, hakupiga kelele. Alinyamaza, akaliweka kosa hilo moyoni. Mama yake aliwaambia majirani kwamba huyu mtoto akinyamaza, heri umwombe radhi hata kama kosa lako hulijui.

Mdogo wake alikuwa wa aina nyingine kabisa. Alikuwa msusi, mcheshi, mwepesi wa kusamehe na mwepesi wa kuamini, na aliolewa na mwanamume ambaye kila mtu alimwita Kocha. Kocha alikuwa na jimu ndani ya ghala la zamani, jengo la bati lenye vioo vikubwa ukutani. Alikuwa na maneno matamu na kifua kama kabati. Miguu yake hakuna aliyewahi kuiona, maana alivaa suruali ndefu ya mazoezi kwenye joto na kwenye baridi. Timazi alimtania kwamba shemeji amejenga ghorofa akasahau msingi. Watu walicheka, na Kocha akacheka kuliko wote.

Kocha ndiye aliyemwingiza Timazi jimu. Alimwambia kwamba ana mwili ambao watu wanautafuta miaka nenda rudi, na kwamba ni dhambi kuumaliza kwenye zege. Timazi akaenda, kwanza kwa kumridhisha mdogo wake, halafu kwa raha yake mwenyewe. Baada ya miezi michache picha yake ilikuwa imebandikwa mlangoni: Timazi ameinua chuma juu ya kichwa, na miguuni pake kopo jeupe la unga.

Unga huo ndio uliomletea Kocha umaarufu. Aliuuza kwenye makopo yenye karatasi ya kung'aa iliyosema ni protini ya kujenga misuli, akidai unatoka mbali. Shemeji yake alipewa bure. Timazi alikunywa asubuhi na jioni, na kweli mwili ulikauka, mishipa ikatokeza mikononi kama mizizi. Usingizi ukapungua. Moyo ukawa unadunda hata akiwa amekaa, na midomo ilimkauka siku nzima. Alipomweleza Kocha, aliambiwa kwamba hivyo ndivyo mwili unavyoamka.

Kisha likaja shindano la mia tano. Kuchuchumaa na kuinuka mara mia tano, mfuko wa mchanga begani, bila kupumzika. Ilikuwa mchana, bati linawaka, ukumbi umejaa. Timazi alikuwa na nguvu za mikono na mgongo, lakini zoezi hilo hakuwahi kulifanya hata mara mia. Kocha alimpa vikombe viwili vya unga kabla ya kuanza, akamkataza maji katikati kwa kuwa yangemtia uzito. Kufika mia tatu mapaja yalikuwa yanaungua. Kufika mia nne hakuyasikia tena. Kocha alisimama mbele yake akihesabu kwa sauti, na Timazi alimaliza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha ukuta katikati. Wakampigia makofi. Makopo yalikwisha siku hiyo hiyo.

Kesho yake alishindwa kushuka kitandani. Mapaja yalikuwa yamevimba, magumu ukiyagusa. Alimpigia simu Kocha, naye akamwambia hayo ndiyo maumivu ya misuli kukua, anywe unga zaidi yatapoa. Timazi akanywa. Siku ya tatu alikwenda chooni akishikilia ukuta, na mkojo wake ukatoka mweusi kama kahawa. Mama yake aliuona, akatoka kutafuta gari.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, asiyependa kuzungusha maneno. Alimweleza kwamba misuli ikifanyishwa kazi nzito mno kwa ghafla, huvunjika, na mabaki yake huingia kwenye damu. Figo hujaribu kuyachuja zikazidiwa. Mwili ukiwa umekaukiwa na maji, mambo huwa mabaya zaidi. Akauliza alikuwa akinywa nini. Timazi akamweleza habari za unga, na daktari akataka kopo liletwe, kwa sababu mazoezi peke yake yanaweza kuleta hali ile, lakini kilichomo koponi kinaweza kuwa kimesukuma gari mtaroni.

Mama akarudi nyumbani kulichukua. Hakulikuta. Jirani akamwambia kwamba mkwe wake alipita asubuhi, akasema ametumwa kuchukua nguo za mgonjwa, akatoka na mfuko mweusi. Nguo zote zilikuwa kwenye kamba, kama zilivyoanikwa.

Alasiri Kocha alifika wodini na matunda. Alimwambia daktari kwamba unga wake ni maziwa tu, hata watoto wanakunywa. Kisha akawageukia ndugu waliokuwa wamezunguka kitanda, akashusha sauti kama mtu anayeona aibu kwa niaba yao, akasema kwamba ukoo huu tangu zamani una figo mbovu, hata marehemu baba mkwe ndizo zilizomwondoa. Baba alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, ghorofa ya tatu, mchana kweupe, na nusu ya watu waliokuwa pale wodini walimzika. Lakini Kocha aliongea kwa huruma kiasi kwamba shangazi mmoja alianza kutikisa kichwa na kusema kweli, marehemu alikuwa akilalamika mgongo.

Timazi alikuwa amelala pale, mpira wa mashine ya kusafisha damu umeingia shingoni, anasikia kila neno. Alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anatazama sakafu. Basi Timazi akanyamaza.

Alilala hospitali siku kumi na tisa. Figo zilirudi, si zote kwa ukamilifu, lakini zilirudi. Miguu haikurudi. Alipojaribu kunyanyua tofali moja nyuma ya duka, magoti yalicheza na tofali likamponyoka. Wateja wakachukua mafundi wengine. Ndipo Kocha, mbele ya watu waliojaa jimuni, akatangaza kwamba yeye hatupi ndugu: shemeji yake atapewa kazi ya usafi pale pale. Watu wakamsifu. Picha ya mlangoni ilikuwa imeshaondolewa na mahali pake amewekwa msichana mmoja aliyekuwa akihudumia kituo cha mafuta, mwenye mabega mapana na tabasamu.

Mama alitaka akatae. Alisema heri wale ugumu wao kuliko kudeki jasho la yule mwanamume. Timazi akasema, "Mama, niache nideki."

Akadeki. Alifuta vioo, akapanga vyuma, akabeba takataka. Kocha aliwazoea wafagizi kama watu wanavyozoea feni: ipo, inazunguka, haina macho. Mwezi wa pili wa kazi hiyo, Kocha alianza kuchanganya unga wake stoo huku Timazi anapiga deki mlangoni. Alichukua maziwa ya unga ya bei ya chini, sukari, kisha vidonge alivyovisaga kwenye kinu cha viungo. Maganda ya vidonge aliyatupa kwenye pipa, na pipa lilikuwa la Timazi. Vilikuwa vya aina tatu: vya kukondesha, vya kuzuia usingizi, na vya kutoa maji mwilini, vile wanavyopewa watu waliovimba miguu.

Timazi aliyapeleka maganda kwenye ofisi ya wakaguzi wa dawa. Karani akasema watatuma mtu. Mtu akatumwa, Kocha akamkaribisha ofisini kwake, na mtu huyo akatoka anacheka, kopo kwapani. Timazi alikuwa ameshika ufagio hatua tatu kutoka pale. Alimpisha apite.

Hayo yote angeweza labda kuyameza. Kilichomkaa kooni ni kopo lingine. Lilikuwa rafu ya juu, lina utepe mwekundu, na Kocha alilishusha kila asubuhi akachota, akakoroga, akanywa mbele ya wateja huku akipiga kifua. Siku moja Timazi alilifungua, akaonja kwa ncha ya kidole. Maziwa matupu. Wala sukari hayakuwa nayo. Yaani Kocha alijua. Aliposimama pale akihesabu mia tatu na moja, mia tatu na mbili, alijua anachomnywesha, na yeye mwenyewe hakuthubutu kukiweka mdomoni. Timazi alirudisha kopo mahali pake, akageuza utepe ulivyokuwa, akamalizia kudeki.

Nafasi aliletewa na Kocha mwenyewe. Maneno yalikuwa yameanza mtaani kwamba ile mia tano inaua, na wateja walipungua. Akatangaza kwamba siku ya kutimiza miaka mitano ya jimu ataifanya yeye, mbele ya wote, mfuko wa mchanga begani. Mtu wa kifua na mikono, ambaye miguu yake haikuwahi kuona mazoezi mwaka mzima. Timazi alilisikia tangazo hilo akiwa anafuta kioo, akajiona mwenyewe kwenye kioo anatabasamu, akaacha mara moja.

Siku kumi kabla ya sherehe alimwaga maziwa ya kopo lenye utepe, akalijaza unga wa makopo ya kuuzwa. Aliongeza vidonge? Hapana, hakuongeza kitu. Hakutaka kumtilia sumu. Alitaka anywe kile alichowanywesha wengine, kijiko kwa kijiko, basi. Ndivyo alivyojieleza kila alipopanda kigoda kulipangusa kopo lile vumbi, na ndani yake alisikia utamu ambao hakuwa ameusikia tangu alipolazwa.

Kocha alichangamka. Alisema hajui amepatwa na nini, anaamka mapema, ana nguvu kama kijana. Alisema ladha ya maziwa ya siku hizi imebadilika, makampuni haya yanaharibu kila kitu. Siku ya sherehe ukumbi ulifurika. Alikunywa vikombe viwili, akachukua mfuko, akaanza. Mia na hamsini akaanza kutetemeka. Mia tatu macho yalimtoka. Timazi alisimama safu ya mbele na ufagio wake, akamhesabia kwa sauti pamoja na wengine, taratibu, bila kuruka namba. Kocha angeweza kuacha, lakini watu walikuwa wanatazama. Alifika mia tano kwa magoti yaliyopinda, akaanguka juu ya mkeka akijifanya anacheka.

Siku ya pili yake, asubuhi, simu ya Timazi ililia. Mdogo wake alisema mumewe hawezi kusimama, anatapika, na hataki kwenda hospitali. Timazi akavaa, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa miguu.

Kocha alikuwa amelazwa kwenye kochi la sebuleni, shuka kiunoni, mapaja yamevimba yanang'aa. Alisema ni uchovu tu.

"Mkojo wako una rangi gani?" Timazi alimwuliza.

Kocha akageuza uso. Mkewe ndiye aliyejibu. "Kama kahawa, dada. Tangu alfajiri."

"Basi ni unga."

"Siyo unga," Kocha akasema haraka. "Mimi huo unga siunywi. Kopo langu ni maziwa matupu."

Mdogo wake Timazi alikuwa ameshika beseni, na akaliweka chini polepole.

"Kwa nini wewe ni maziwa matupu?" aliuliza. "Na dada ulimpa nini?"

Timazi akavuta kiti, akakiweka mlangoni, akaketi.

"Kopo lako si maziwa tena, shemeji. Siku kumi hizi umekunywa nilichokunywa mimi. Na hicho ulicho nacho nakijua, nimetoka huko. Figo zako zinaziba sasa hivi, tukiongea."

Kocha alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Akaomba apelekwe hospitali. Akamwita Timazi dada, neno ambalo hakuwahi kulitumia. Timazi akamwambia ataenda, gari lipo mtaa wa pili. Lakini daktari atauliza kopo lilikuwa na nini, kama alivyouliza kwake, na safari hii kutakuwa na jibu. Akamwambia mdogo wake achukue daftari la wateja wa kusuka na kalamu.

"Taja," alisema. "Kimoja kimoja, na kiasi."

Ilichukua karibu saa nzima, maana mwanzoni Kocha alidanganya, akataja viwili akaficha cha tatu, na Timazi aliyejua vyote akamrudisha mwanzo kila mara. Mkewe aliandika bila kuinua kichwa, machozi yakidondokea karatasi. Orodha ilipokamilika Kocha alikuwa analia naye, kwa maumivu au kwa hofu.

"Bado moja," Timazi alisema. "Baba yetu alikufa na nini?"

Kocha alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Baba mkwe wako. Alikufa na nini? Mwambie binti yake."

"Jukwaa," Kocha akasema. "Alianguka kwenye jukwaa."

Ndipo Timazi akaondoa kiti mlangoni na kwenda kuita gari.

Daktari alikuwa yule yule. Alisoma ukurasa wa daftari mara mbili, akamtazama Timazi juu ya miwani, na hakuuliza kitu. Naye hakusubiri karani wa ofisi yoyote: alipiga simu kwa wakubwa mwenyewe, na kabla ya wiki kwisha makopo yote yalikuwa yamebebwa na ghala limefungwa kwa kufuli la serikali. Kocha aliishi. Mashine ilimsafisha damu kwa wiki tano, na baada ya hapo kila wiki mara moja kwa miezi mingi. Alitoka hospitali kifua kimeshuka, akashtakiwa, na kifungo alichopewa alikitumikia kwa sehemu tu, kwa sababu ya ugonjwa.

Mdogo wake hakuuliza siku ya kwanza wala ya pili. Aliuliza siku ya nne, kwenye benchi la nje ya wodi.

"Ulijua anaweza kufa?"

"Nilijua."

"Na ile saa nzima uliyokaa mlangoni?"

"Niliijua pia."

Mdogo wake akanyanyuka, akaenda kuketi benchi la mwisho. Hawakuzungumza kwa miezi minane. Mama aligawa siku zake kati ya nyumba mbili, na kila mmoja akimwuliza habari za mwenzake alijibu kwamba yeye si posta.

Timazi alirudi kazini taratibu. Matofali yalimshinda, akajifunza kubandika vigae, kazi ya kupiga magoti chini na kuinama, na jicho lake la wima na mlazo likamfaa zaidi kuliko mabega. Watu walimsikia akipiga mluzi tena. Wengine mtaani walimwona shujaa, wengine walivuka barabara wakimwona anakuja, na yeye hakuwasumbua hawa wala wale.

Mdogo wake ndiye aliyevunja kimya. Alikuja kwenye nyumba ambayo Timazi alikuwa anabandika vigae vya jikoni, akasimama mlangoni na viatu mkononi asiharibu kazi, akauliza kama anajuta.

Timazi alifikiri kabla ya kujibu, maana swali lilikuwa la haki. Akasema juu ya Kocha, hapana. Akisikia jina lake bado moyo unakaa vizuri. Akasema anajuta kwa ajili yake, mdogo wake, kwamba alimfanya aandike. Halafu akataja jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Katika zile siku kumi, yule msichana wa kituo cha mafuta alikuja kununua kopo. Timazi alikuwa anafuta kaunta. Alijua kilichomo. Neno moja tu lingetosha, lakini lingemfikia Kocha, na Kocha angeanza kuangalia makopo yake. Basi alipangusa kaunta, msichana akalipa, akaondoka nalo.

"Alipatwa na nini?" mdogo wake aliuliza.

"Hakupatwa na kitu. Nilimfuata baadaye kituoni nikamweleza yote, akanipa kopo likiwa nusu. Lakini nilimtazama akiondoka nalo, unaelewa? Nilimtazama kama Kocha alivyonitazama mimi."

Mdogo wake hakusema amemsamehe, wala Timazi hakuomba. Aliuliza tu kama kazi ya pale itaisha lini, kwa sababu sakafu ya saluni yake imepasuka na wateja wanajikwaa. Timazi akasema Alhamisi. Akamwambia avae viatu apitie upande wa dirisha, vigae vya huko vimeshakauka.